Mashuka ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Leo meza yetu ndefu imetolewa. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye meza ile, hadi msumari uliokuwa ukinichania aproni naujua. Mafundi wameipitisha mlango wa nyuma kama jeneza. Mahali pake wameweka meza ndogo sita, zimepeana mgongo, kila mkunjaji na yake. Meneja mpya wa hospitali—sisi wa chumba cha kufulia tunamwita Bwana Dakika—anasema watu wawili kushika shuka moja ni kupoteza mikono. Kila mtu akunje peke yake. Mashuka mia kwa siku. Atakayeshindwa wiki mbili mfululizo atashukuriwa na kuagwa.

Nikamtazama Shangazi. Hatuna udugu wa damu, ila humu ndani ni shangazi wa wote. Vidole vyake vimekakamaa siku hizi, shuka linamponyoka. Akikunja sitini amejitahidi. Na hana pengine pa kwenda.

Jumanne, 4 Machi

Mashine tu zinanguruma.

Nimekumbuka siku yangu ya kwanza, nina mimba ya kifungua mimba wangu. Shangazi alishika ncha mbili, akanipa mbili. "Vuta, mwanangu. Sasa njoo kwangu." Tukakutana katikati, pindo kwa pindo, akaninong'oneza: umekula? Kila shuka hatua tatu kurudi nyuma, tatu kuja mbele, na kila tukikutana neno moja. Mashuka thelathini hayajaisha, ukoo wangu wote ameshaujua. Habari zilitembea hivyo—nani anaumwa, nani leo abebewe mzigo. Leo mimi, kesho wewe. Hakuna aliyeitisha kikao.

Leo nimnong'oneze nani? Ukuta?

Nilipokwenda kunywa maji nimepenyeza mashuka yangu kumi na tano kwenye toroli la Shangazi. Mikono yangu ni myepesi, Mungu kanijalia. Lakini ni sadaka hii, au ni uongo? Nimeuliza kwenye sala. Kesho nitaweka tena mpaka nikatazwe.

Ijumaa, 7 Machi

Ee Mola, tumefanya nini.

Hesabu ya wiki imebandikwa mlangoni. Wa kwanza: Shangazi. Mia na thelathini na tano kwa siku! Sisi wengine watano mia, mia na moja.

Kumbe kila mmoja alikuwa na safari zake za maji. Tumebanana chooni tukaungama. Kasuku, yule mwenye maneno mengi, anasema alijidhania yuko peke yake mwenye huruma, tena alishaanza kujisifu moyoni. Tulicheka mpaka tukashika kuta. Kwenye meza ndefu angejua mmoja, wangejua wote, Shangazi angepewa yale arobaini yanayompungukia, basi.

Kicheko kilikatika tuliporudi kazini, Bwana Dakika akaingia akampa Shangazi mkono mbele yetu. Jumatatu saa tatu atakunja mbele ya wakubwa, wote wajifunze kwake. Saa atashika Meneja mwenyewe.

"Sawa, baba," Shangazi kajibu. Kisha akanipitia pembeni: "Nilidhani ni wewe tu. Nikasema mwanangu huyu ana mkono wa radi. Mmenipenda mpaka mmeniua."

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nilikwenda kwake. Amelowesha mikono kwenye beseni la maji ya moto. Nikamwambia niende kwa Meneja nikaseme kweli. Akakataa, tutafukuzwa sote sita. Basi asingizie ugonjwa? Akanikodolea macho: ugonjwa ukiitwa huja.

Baba watoto kasema mkono mmoja hauchinji ng'ombe, ila mikono yetu mitano imemchinja mama wa watu. Nimemnunia. Ukweli unauma.

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili halitoki nyumbani. Leo nimelibeba mkobani, sijui kwa nini.

Wakubwa walijipanga ukutani, Muuguzi Mkuu kati yao, naye ni mtu wa zamani kama sisi. Bwana Dakika akabonyeza saa. Shangazi akainua shuka. Likaponyoka. Akaliokota. Likaponyoka tena. Mtu akakohoa.

Hapo akageuka, akaninyooshea ncha mbili. "Vuta, mwanangu. Sasa njoo kwangu."

Miguu ilikwenda kabla yangu. Bwana Dakika akasema, mama, peke yako. Hatukusimama. Tulipokutana katikati akaninong'oneza: umekula? Machozi yakanitoka palepale. Nyuma yangu nikasikia shuka jingine likikung'utwa—Kasuku na mwenzake. Kisha wale wawili wa mwisho. Hakuna aliyeitisha kikao. Saa iliendelea kukimbia, Bwana Dakika kasahau kuizima.

Sasa tuko kwenye benchi nje ya ofisi, sote sita. Nimekwisha kusema kweli yangu palepale mbele ya wakubwa, kila shuka la kumi na tano yangu. Moyo umetulia. Mlango umefungwa. Namsikia Muuguzi Mkuu anauliza ile meza ndefu imepelekwa wapi. Jibu sijalipata, Kasuku anapiga kwikwi.

Wamemwita Shangazi, yeye kwanza. Peke yake hawezi kuinuka. Ameninyooshea mikono yote miwili.

Vuta, mwanangu.