Nyumba ya Mama Mkwe Niliyoivuta Mpaka Yamumbi

Mpendwa mama mkwe,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi, maana siku ile wakikuzika nilikuwapo, nimekaa mbali karibu na geti kama mkwe anavyotakiwa. Mimi ni mzima. Mgongo unasumbua kidogo asubuhi, lakini bado nabeba gunia la mahindi ambalo vijana wa hapa Yamumbi wanaliviringisha.

Ulipokuwa hai hatukuzungumza uso kwa uso hata mara moja. Kwetu magharibi mwanamume na mama wa bibi yake hawashikani mkono, hawali pamoja, na zaidi ya yote hawalali chini ya paa moja. Hata jina lako sikulitaja, na hapa silitaji. Nimeuliza wazee kama kukuandikia ni kosa, wakanyamaza. Mzee akinyamaza, mimi huchukua kwamba amekubali. Na naiandika waziwazi, atakayetaka kusoma asome, maana jambo tulilofanya mimi na wewe sijasikia mwingine amelifanya.

Nimeiandika kwa mkono wangu, ingawa shule yangu iliishia darasa la tatu. Mjukuu wako alitaka kunirekebishia. Nikamwambia, aliyetengeneza ile trela yako ya kulala hashindwi na karatasi.

Unakumbuka mwaka ule Rosa, binti yako na bibi yangu, alipokuwa na mimba? Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na sasa daktari alimwambia alale tu, asinyanyue hata sufuria. Akawa analala akiangalia ukuta. Nilimletea maini, nikamletea machungwa, nikamletea redio ya jirani.

"Unataka nini, mama?" nikamuuliza.

"Nataka mama yangu."

"Na maini je?"

"Nimesema mama. Sijasema maini."

Nikakutumia salamu. Jibu likarudi kwa mdomo wa shemeji: utalala wapi? Nyumba yangu ilikuwa vyumba viwili, na hata vingekuwa kumi, paa ni moja. Nikasema ulale kwa jirani. Ukajibu kwamba hukuzaa mtoto ili uende kulala kwa watu kama mgeni wa mkutano. Nikasema nitajenga kibanda uani. Ukauliza, kibanda hicho si ni cha mkwe? Hapo nikajua Rosa alitoa wapi kichwa chake kigumu. Mimi nilidhani alikitoa kwangu.

Basi nikakaa nikafikiri. Zamani nikiwa kijana nilifanya kazi kwa mzungu mmoja wa shamba, pale Ziwa, karibu na Eldoret. Alikuwa na kinyumba cha magurudumu, kidogo, cha mviringo nyuma kama yai. Akitaka kwenda kuvua samaki na bibi yake, anakifunga nyuma ya gari wanaondoka nacho, wanalala huko huko msituni. Mimi ndiye nilikuwa nakiosha. Mtu akinioshesha kitu, macho yangu hukipima yenyewe. Nikajiambia, nitatengeneza kama kile. Paa lenye magurudumu si paa la nyumba yangu.

Wewe ulikikuta kimekwisha, hukuona kazi yenyewe. Wacha nikwambie. Ekseli, kile chuma cha kushika magurudumu, nilitoa kwenye gari kuukuu iliyokuwa imelala gereji. Fremu nilichomelea mwenyewe. Mbao ilikuwa saipresi iliyokaushwa vizuri, nje nikavika bati, na ule mgongo wa nyuma niliukunja kwa mkono, polepole, mpaka ukawa laini kama mgongo wa ng'ombe aliyenona. Nyuma nikaweka mlango wa kunyanyuka juu: ukiunyanyua unakuta jiko la mafuta ya taa, mahali pa sufuria, na kisanduku cha sukari. Ndani ni godoro na dirisha mbili. Eldoret yote, kuanzia hapa mpaka barabara ya Iten, hakuna fundi wa bodi za magari angefanya vile. Wanasema mimi najisifu. Najisifu kwa kitu ambacho kipo.

Baba Wanjiru wa duka alikuja akakizunguka mara nyingi, mikono nyuma.

"Fundi, hii ni choo ya kutembea?"

"Ni nyumba ya mama mkwe."

"Na akitaka kusimama ndani?"

"Mtu husimama nje. Ndani ni ya kulala."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Jumapili alileta bibi yake akione.

Nikaivuta na pikapu mpaka kwenu, nikaingia nayo uani nikipiga honi. Na hapo ndipo mambo yakaharibika. Baba mdogo wa Rosa, yule wa fimbo, alitoka mbio akasimama mbele ya gari.

"Rudisha! Rudisha hiyo kitu nyuma!"

"Kwa nini, mzee?"

"Umejenga kwa wakwe! Nani amekuambia mkwe anakuja kusimamisha nyumba katika boma la mama wa bibi yake?"

"Mzee, nyumba gani iko na magurudumu?"

"Iko na mlango? Iko na kitanda? Iko na jiko? Basi ni nyumba. Hata ikimbie namna gani."

Wazee wakakusanyika. Wengine wakasema ni gari. Wengine wakasema ni nyumba iliyopanda gari. Mmoja akasema ni kitanda chenye paa, akaambiwa anyamaze. Mpaka leo nasema mimi nilikuwa sawa, lakini walikuwa wengi. Nami nilikuwa nafikiria Rosa, amelala Yamumbi anahesabu kila gari inayopita barabarani.

Ndipo tukasikia sauti yako kutoka jikoni. Hukutoka nje. Ulikuwa umeshika yule kuku mwekundu uliyekuwa umemtengea Rosa ale akishazaa, na ulikuwa unazungumza naye kwa nguvu ili sisi tusikie.

"Kuku, hebu waulize hao wazee. Mtu akinipa kikapu, kile kikapu ni cha nani?"

Wazee wakatazamana. Baba mdogo akasema, "Ni chako."

"Na mkwe akiniletea blanketi, nikilala, nimelala kwa mkwe au kwa blanketi yangu?"

Nami sikungoja jibu. Nikatoa funguo, nikaziweka juu ya jiwe katikati ya uani, nikasema mbele ya wote kwamba kile kitu nimempa mama wa Rosa, na mimi ni wa kuvuta tu. Nikarudi nyuma. Ukatoka, umejifunika leso mpaka usoni, ukachukua funguo, ukanyanyua ule mlango wa nyuma, ukawasha jiko ukapika chai. Aliyewasha moto wa kwanza ndiye mwenye nyumba, hilo hata baba mdogo hawezi kulipinga. Aliinywa chai hiyo vikombe viwili, akasema sukari ni kidogo.

Sikuwa nimelala ndani hata siku moja. Nilikuwa nimepanga kukijaribu njiani nikija, kisha nikaona nikimbilie kwenu. Na tangu pale, kikiwa chako, sikuweza tena.

Siku ile ya safari nilikufungulia mlango wa mbele wa pikapu, nikasimama mbali ili uingie. Ukamwambia kuku, "Kuku, mwambie huyo mtu, mimi nina nyumba." Ukapanda kwenye trela yako, ukafungua dirisha, ukaweka kiwiko. Vijana wa siku hizi watasema ni hatari. Mimi niliendesha kama napeleka mayai. Watoto walikimbia pembeni wakipiga kelele, na kwenye kioo nilikuona ukiwapungia mkono kama mkubwa wa serikali anakwenda kufungua kiwanda.

Kabla ya Kapsabet tukakuta kizuizi cha polisi. Siku hizo kitu kisichojulikana kilikuwa kinaulizwa maswali mengi. Askari akazunguka trela, akagonga bati.

"Nini hii?"

"Ni nyumba, afande."

"Nyumba ya nani? Fungua."

Nilisema ukweli. "Siwezi kufungua, afande."

"Umesema nini?"

"Ndani kuna mama mkwe wangu. Siwezi kufungua mlango wake."

Ulikuwa umefunga dirisha. Tukasikia sauti kutoka ndani: "Kuku, muulize huyo askari, mama mkwe wake yeye hufunguliwa mlango na nani?"

Yule askari alikuwa mtu wa upande wa ziwa kubwa, mila zao na zetu ni karibu. Alitoa mkono kwenye kitasa kama kimemchoma. Akavua kofia, akarudi nyuma, akaniambia kwa sauti ndogo, "Pita, mzee. Pita pole pole." Nikaona wenzake wanacheka, yeye hacheki.

Kupanda milima ya Nandi, gari ikachemka. Maji yakaruka kama chemchemi. Jua lilikuwa linashuka na fundi mimi najua injini iliyochoka huachwa ilale. Tukasimama pembeni, kando ya shamba la majani chai. Ukashuka, ukafungua mlango wa nyuma, ukapika ugali na mboga uliyokuwa umebeba. Nilienda nikakaa upande wa pili wa pikapu, mgongo kwako. Nilisikia unaweka sahani juu ya jiwe na unaondoka. Nikachukua sahani. Nikala nikitazama majani chai, wewe ukala ukitazama barabara, na katikati yetu gari.

Halafu ukaanza kuongea. Ulimwambia kuku habari za Rosa alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa anakataa kulala mpaka umshike sikio. Ukamwambia kuku kwamba unaogopa, kwamba wewe pia mimba zako za kwanza zilitoka na hakuna aliyekuwa nawe. Mimi nilimjibu nani? Nikamwambia tairi. Nikaliambia tairi kwamba kesho kabla chai ya saa nne Rosa atakuwa ameshikwa sikio lake, na kama gari haitaki nitavuta hiyo trela na mabega. Kisha ukamwambia kuku, "Huyu mtu anajisifu sana." Nikarudisha sahani kwenye jiwe, wewe ukaichukua. "Lakini ugali amemaliza."

Nililala ndani ya pikapu, magoti kwenye usukani. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, na juu ya jiwe nikakuta yai la kuchemsha, bado moto. Kuku alikuwa ametaga nyumbani mwako. Sijawahi kula yai tamu namna ile, na nimekula mayai mengi.

Tulipoingia Yamumbi, Rosa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta. Nikapiga kelele, "Daktari alisema ulale!" Hakuna aliyenisikia. Ulishuka kabla gari haijasimama vizuri. Ukamshika sikio. Mimi nikaenda kuangalia injini ambayo haikuwa na shida tena.

Ukakaa nasi uani, nyumbani kwako, mpaka mtoto akazaliwa mzima, msichana, analia kama honi ya lori. Tukampa jina lako, ndiyo maana mimi mpaka leo namwita "Mama" tu. Yule kuku Rosa alikataa kumchinja. Alisema, "Nikimchinja, nyinyi mtaongea na nani?" Akatafuta mwingine.

Nilidhani ukishamwona mtoto utarudi kwenu ukae. Kumbe nilikuwa nimekuharibu. Ikawa shule zikifungwa unatuma salamu: huyo mtu wa kuvuta yuko wapi? Tukaenda msitu wa Kaptagat, wewe na Rosa na mtoto mmelala kwenye trela kama vifaranga, mimi kwenye pikapu. Tukaenda Iten tukasimama pale juu, bonde lote la Kerio chini yetu, na ukasema hukujua Mungu ana shamba kubwa hivyo. Ulichukua mawe, moja la kukalia kila mahali tulipopiga kambi, ukakataa kuyaacha, na springi zangu ndizo zikaumia.

Baada ya kukuzika wazee waliuliza trela iende kwa nani. Mashemeji wakasema mkwe achukue, si yeye alitengeneza? Nikakataa. Mtu harithi nyumba ya mama mkwe. Wakanibishia sana, na baba mdogo akagonga fimbo akasema, "Mwacheni, huyu leo ametushinda." Wakampa mjukuu wako. Wiki iliyopita alitaka kwenda Kaptagat na mama yake, nikawavuta. Msichana akaniambia niingie nilale ndani, nje kuna baridi. Nikamwambia mwenye nyumba ana jina la nani? Akacheka, akanitupia blanketi. Nililala vizuri sana.

Lakini sikuandika kwa sababu ya trela. Niliandika kwa sababu ya Rosa. Siku ya mazishi wanawake walimzunguka wakingoja aanguke, maana walikuwa wamezoea kuona mabinti walioolewa mbali wakijitupa chini, wakilia kwamba mama amekwenda bila kuona nyumbani walikoolewa. Rosa alilia, ndiyo, lakini amekaa. Shangazi mmoja akamwuliza kwa ukali kidogo, "Wewe huna uchungu?"

Rosa akafuta macho akasema, "Ninao. Lakini mama amekula kwangu. Amelima kitunguu changu. Amemkemea ng'ombe wangu. Nikiingia jikoni sasa, najua alikuwa anapenda kukaa wapi."

Niliyasikia nikiwa kule getini. Sikuwa na mtu wa kumwambia kitu, kwa hivyo nakwambia wewe: asante kwa kukubali kuvutwa.

Lala kwa amani, mama.

Ni mimi mkwe wako,
baba ya mjukuu wako, Yamumbi.