Blauzi ya Vifungo Mbele

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Shangazi kaniambia bado unapanda ngazi kwa kujikongoja, ila ukiulizwa unajibu "sijambo", kama kawaida yako. Huku tu wazima. Mkweo anakusalimu sana, na ana sababu ya kukuogopa, utaijua mbele. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Ujumbe wako umenifikia, wa kwamba niache kazi hii ya utafiti. Unasema mtu aliyepoteza mimba mbili kwa presha hana sababu ya kushinda na wanawake wenye presha hiyo hiyo, na kwamba najitonesha kidonda kwa mikono yangu. Sikukasirika. Najua unamtamani mjukuu, na umeacha kumtaja ili usiniumize. Lakini kabla sijakujibu, acha nikueleze kazi yenyewe, maana nadhani unatuona tumejifungia chumbani tunalia.

Wala hatulii. Tuna chumba mwisho wa korido ya kliniki, kina meza mbili, mizani, na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Wajawazito ambao presha imewapanda wanakuja, tunawapima, tunawauliza kama kichwa kinauma, kama macho yanaona ukungu, kama miguu imevimba. Daktari wetu mkuu anataka kujua ni dalili zipi hutangulia kabla mambo hayajaharibika, na watoto wao wanaozaliwa kabla ya wakati wanakuaje. Tunawafuatilia mpaka watembee. Kuna mmoja ambaye hatukuwa na uhakika hata kidogo kama ataishi, siku moja alinivua miwani akaitupa chini ya meza. Nilifurahi mpaka mama yake akadhani nimerukwa na akili.

Kisha wapo mabibi. Mtoto njiti tunambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, ili apate joto, na mama akichoka bibi anashika zamu. Mimi ndiye ninayewaagiza waje na blauzi ya vifungo mbele. Bibi mmoja alikuja na gauni la kuvalia kichwani, ikabidi tumzungushie pazia na kumvisha shati la mkwewe. Alilalamika kwamba tangu aolewe hajaaibishwa hivyo. Saa ya kumrudisha mtoto ilipofika, akakataa kumtoa.

Sasa nije kwenye mashine. Wengi huuogopa ule mkanda unavyobana mkono, kwa hiyo desturi yetu ni kujipima sisi kwanza, waone kwamba hatufi. Mimi hujipima kutwa na namba siziangalii. Siku moja mjamzito mmoja, mwalimu wa hesabu, akaziangalia kwa niaba yangu, akauliza kwa upole kama zile ni za kawaida. Nikamjibu mashine imeharibika. Nikaleta nyingine, nayo ikasema vile vile. Nikazibeba zote mbili hadi kwa fundi wa vifaa, nikamfokea kwamba anaturudishia mabovu. Yule bwana akajipima, sawa. Akampima mfagizi, sawa. Akanivisha mimi.

"Dada, mashine ni nzima," akasema. "Mgonjwa ni wewe."

Mimi, ninayelipwa kuwaambia wenzangu wasipuuze! Nilikaa kwenye kiti chake nikalia, maana nilijua maana ya zile namba kuliko yeye.

Mama, nilikuwa mjamzito. Nisamehe. Mara zote mbili nilikuambia mapema, na mara zote mbili ulifuma kofia, halafu nikakuona unazikunja na kuzirudisha kabatini. Sikuwa na moyo wa kukutazama ukifanya hivyo tena. Mkweo nilimwapisha, ndiyo maana kila ulipopiga simu alikuwa bafuni.

Walinilaza siku ile ile, nikawa mmoja wa wanawake wa utafiti wetu. Mwenzangu niliyemfundisha kazi ndiye aliyekuwa akinipima, na aliniamuru ninyamaze kama wagonjwa wengine. Dawa ziliizuia presha kwa muda, halafu ikagoma, daktari akasema mtoto atolewe. Niliogopa, Mama. Niliogopa sana, nikawa nakuita ingawa nilijua hunisikii.

Ni msichana. Ni mdogo kweli, lakini analia kwa hasira na ameanza kunyonya. Mrija wa hewa ameshatolewa, na presha yangu imeshuka. Hivi sasa yuko kifuani pangu, naandika kwa mkono mmoja, ndiyo maana mistari inayumba. Kazi siachi. Kichwa hakikuniuma, miguu haikuvimba. Bila kazi hii nani angenifunga mkanda siku ile?

Asubuhi muuguzi aliuliza nani atashika zamu ya pili kumbeba mtoto. Mkweo akanyoosha mkono. Nikamwambia ashushe, yupo aliyemtangulia.

Nisalimie shangazi, umpe habari ukishamaliza kulia. Zile kofia zitoe kabatini uje nazo. Zitampwaya, haidhuru, atazijaza. Na tafadhali, Mama, vaa blauzi ya vifungo mbele, maana shati la mkweo halitakutosha.

Ni mimi mwanao,
na sasa mama wa mtu.