Papa, Nyumba ya Simi-Simi Imeuzwa

Papa wangu mpendwa,

Nyumba imeuzwa. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na habari za kuzungukazunguka. Mtu akija kwako uso umemshuka, ulikuwa ukimwambia, "Anza na mwisho, tutarudi nyuma pamoja." Basi mwisho ndio huo. Sasa turudi nyuma, maana kuna sehemu ya habari hii ambayo sijamweleza mtu kama ilivyokuwa, na kosa kubwa humo ni langu.

Nilikuwa na miaka tisa ulipoanza kujenga. Ulikuwa fundi wa injini kwenye baleinière, zile boti ndefu za mbao zinazoshuka mto hadi Isangi na kupanda tena, na hukurudi safari hata moja bila kitu cha nyumba. Mfuko wa simenti juu ya baiskeli ya toleka, zile za kubebea abiria. Misumari iliyofungwa kwenye gazeti. Mara moja bawaba sita za mlango, wakati hata ukuta haujafika kiunoni, na mama akacheka mpaka akakaa chini. Matofali tuliyachoma wenyewe nyuma ya kiwanja. Mimi na ndugu yangu Faustin tulichota maji, mama alipika lituma ya ndizi za kuponda kwa ajili ya waashi, na wewe ulipita nyuma ya kila mwashi na uzi wako, kuona kama ukuta umenyooka. Mbao ya mlango wa mbele uliifuata Ubundu. Treni ilikawia, ukalala stesheni siku kumi na mbili ukiilinda mbao hiyo kama mgonjwa. Uliporudi mama alikuuliza kama Kisangani nzima hakuna mbao.

"Iko," ulisema. "Lakini haiko hii."

Nakumbuka pia siku alipokuja yule bwana mwenye duka la vipuri. Wakati huo mimi nilikuwa tayari mama wa watoto wawili, nimekuja kuwasalimu. Alikaa nawe barazani, akasifu kiwanja, akasifu mlango, kisha akasema anataka kununua, utaje bei yako. Wewe ulikuwa unamenya karanga.

"Trente-cinq mille," ulisema bila hata kuinua macho.

Dola elfu thelathini na tano! Yule bwana alikohoa, akashukuru kwa maji aliyokunywa, akachukua kofia yake. Ulitabasamu mpaka jioni. Nami nikaiweka ile namba kichwani. Niliona kwamba papa wangu, ambaye hakuwahi kusifu kitu chake mbele ya watu, siku hiyo alikuwa ametamka thamani ya maisha yake.

Mwaka wa tatu baada ya kukuzika, mama alituita mimi na Faustin. Alikuwa amevaa kitenge cha misa ingawa haikuwa Jumapili, nikajua kuna neno.

"Mi narudia Yanonge," alisema. "Albertine iko peke yake kule, na mi niko peke yangu huku. Juu ya nini tukuwe wawili peke yetu?"

Unawajua, yeye na Mama Mudogo Albertine. Mtu na mdogo wake, lakini wanazungumza kama mapacha. Mama alitaka nyumba iuzwe, ajengewe vyumba viwili kando ya nyumba ya mdogo wake, karibu na mto walikozaliwa, na kinachobaki tugawane mimi na Faustin. Hakuwa analia. Alikuwa amekwisha kuamua.

Faustin akasema, kwa sauti yake ile ya mwalimu, "Bon. Tutafute mutu mwenye anajua bei za sasa."

Nikamkatiza. "Papa alishataja bei."

Hata hivyo Faustin alimleta komisioneri, wale wanaowakutanisha wauzaji na wanunuzi. Tulimwita Tonton Léon. Mtu mpole, mwenye daftari lililolowa jasho mfukoni. Alizunguka nyumba mara mbili. Aligonga ukuta kwa vidole, akaufungua na kuufunga mlango wako, akatikisa kichwa kwa heshima. Katika chumba cha nyuma alisimama akitazama dari, pale palipo na doa la maji lenye umbo la sahani.

"Nyumba iko nguvu," alisema. "Lakini njia ya hapa, mvua ikinyesha, pikipiki haipite. Bomba ya maji iko mbali. Na pale kwa jirani waliuzisha ya vyumba vinne kwa dix-sept mille. Tukiomba dix-huit, tutabaki na nafasi ya kusikilizana."

Ya jirani elfu kumi na saba, yetu elfu kumi na nane. Karibu nusu ya namba yako. Papa, damu ilinipanda.

"Wewe unajua mlango huu ulitoka wapi?" nilimuuliza.

"Hapana, mama. Na munuzi pia hatajua."

Nilimwambia hana heshima kwa marehemu. Nilisema na mengine yaliyomfanya mama anitolee macho. Yule mzee alivaa viatu vyake barazani, polepole, akasema, "Siku utakuwa tayari, uniite." Akaenda.

Basi mimi mwenyewe nikawa muuzaji. Niliandika kibao, nikawaambia wenzangu ofisini, nikawaambia watu wa parokia. Miezi ya kwanza walikuja. Kila aliyekuja nilimtembeza kama mgeni wa heshima, nikamweleza habari za treni ya Ubundu, za matofali, za uzi wako. Walisikiliza vizuri. Kisha waliuliza maji yako wapi, nami nikataja bei, nao wakasema watarudi. Mama mmoja aliniambia, "Hadithi iko muzuri sana, dada," na nilichukua siku nyingi kuelewa kwamba lile ndilo lilikuwa jibu lake.

Baadaye wakaacha kuja. Hilo sikulijua, papa: nyumba ikikaa sana na kibao, watu huanza kuulizana ina shida gani. Nilisikia sokoni kwamba kiwanja chetu kina karatasi mbili za umiliki. Nilisikia kwamba mimi na Faustin tuko mahakamani. Nilisikia hata kwamba wewe unaonekana barazani asubuhi. Nikashusha elfu moja, nikajiona nimefanya huruma kubwa. Hakuna aliyekuja kuniuliza hata hiyo mpya.

Miezi hiyo yote, kila Jumapili baada ya misa, mama alimpigia Albertine simu. Aliweka sauti kubwa, kwa hiyo nasi tulisikia.

"Yaya, unakuya siku gani?" Albertine alimuuliza dada yake mkubwa.

"Wakati nyumba itauzwa."

"Basi uharakishe. Macho yangu haiko muzuri. Asubuhi naona kama niko ndani ya moshi."

Nilidhani ni uzee tu. Mama alimwambia apake dawa, Faustin akatuma dawa kwa boti, na maisha yakaendelea. Kisha Jumapili moja Albertine alisema, bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba sasa hatambui tena nani anaingia mlangoni mpaka aseme. Daktari aliyepita alimwambia angefika mjini mapema labda lingefanyika jambo. Hakutaka kuja mjini peke yake. Alikuwa anamngoja dada yake aende, ili waje pamoja.

Mama alizima simu, akaiweka juu ya meza. Nilikuwa napepeta mchele. Akanigeukia.

"Berna, weye unapenda hii nyumba iuzwe?"

"Ndiyo, mama."

"Papa yako hakupenda. Njo maana alitaja trente-cinq. Ule mutu angeleta trente-cinq, papa yako angemwambia hamsini. Ile haikukuwa bei, Berna. Ilikuwa namna yake ya kusema hapana." Alichukua ungo mikononi mwangu kwa sababu mchele ulikuwa unamwagika. "Na weye, mwaka na nusu sasa, uko unatusemea hapana kwa mudomo yake."

Nilitoka nje nikasimama nyuma, pale tulipochomea matofali, ambapo majani bado hayaoti vizuri. Nilijiuliza kama kweli nilikuwa nataka kuuza. Nilikuwa nimejificha nyuma ya jina lako. Kila mnunuzi aliyeondoka alinivunja moyo, lakini pia alinipa nafuu kidogo hapa kifuani, na hiyo nafuu sikuwahi kuiangalia usoni. Bei yangu ilikuwa kufuli. Nikiwa ndani ya nyumba ile, wewe ulikuwa bado umekwenda safari tu, uko Isangi, injini imeharibika, utarudi.

Kesho yake nilimwendea Tonton Léon kumwomba radhi. Alinipa kiti. Hakunifundisha kitu, alisema tu, "Leo uwe munuzi. Tutembee."

Tulitembea siku nzima kuona nyumba zilizokuwa zinauzwa, na zile zilizouzwa karibuni alinionyesha kutoka njiani na kuniambia ziliondoka kwa kiasi gani. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja wa mtaa wa Kabondo. Aliniketisha sebuleni, akaanza kunieleza jinsi alivyoyapata mabati yake, mwaka wa shida, alimjua nani, alisafiri vipi. Alikuwa anasimulia kwa upendo, papa. Na mimi nilikuwa natazama ufa uliokuwa nyuma ya kiti chake, unaopanda mpaka kwenye mbao za dari, nikihesabu kimya kimya ni simenti kiasi gani ingehitajika. Ghafla nikajiona. Yule mzee alikuwa ni mimi. Nilitaka kumshika mkono. Niliishia kumwambia nitarudi.

Jioni hiyo niliingia nyumbani kwetu kama mgeni. Nilijizuia kukumbuka. Niliona doa la dari, sakafu iliyopasuka jikoni, choo kilichoinama, tope mbele ya lango. Niliona pia kuta zilizonyooka ambazo nyumba zote za siku ile hazikuwa nazo, na mlango usioinama hata kidogo. Mimi, Faustin na mama tulikaa tukakubaliana: tuzibe bati linalovuja, tusafishe uwanja, tuombe elfu kumi na saba, na chini ya kumi na tano na nusu tusishuke.

Haikupita mwezi. Alikuja Mama Zaina, mshonaji, mtu wa Kindu aliyehamia hapa na watoto wanne. Hakuulizia historia.

"Mvua inaingia wapi?" aliniuliza.

Nilimpeleka chumba cha nyuma. Nilimwonyesha bati jipya na doa la zamani, nikamwambia na habari ya tope la njia. Alisikiliza huku akipima ukuta wa barabarani kwa shibiri zake. Kisha akasukuma mlango wako kwa kiganja, ukaenda, ukasimama palepale alipouacha. "Ule alitengeneza huu mulango," alisema, "alikuwa anajua kazi." Ilibidi nijifanye natafuta ufunguo.

Tulisikilizana kwa elfu kumi na sita. Chef wa mtaa alitia sahihi, mashahidi wawili, Tonton Léon akakohoa na kufunga daftari lake. Mama hakugeuka tulipotoka. Mimi niligeuka mara tatu.

Tulishuka Yanonge kwa baleinière, mama, mimi, godoro, sufuria na kuku wawili. Injini ilikuwa inakohoa njia nzima na mama akasema kwa sauti, mbele ya abiria wote, kwamba mume wake asingekubali kelele ya namna hiyo. Albertine alikuwa ameketishwa kwenye kiti bandarini. Mama alipopanda ule mteremko alimpa mikono. Albertine akaishika, akapapasa mpaka mabegani, mpaka kwenye mashavu.

"Yaya. Umekonda."

"Weye njo umenona."

"Umekawia."

"Nyumba ilikawia," alisema mama. Alinihifadhi, papa. Alikuwa na haki ya kunitaja na hakunitaja.

Tulipokaa kula nilisema mwenyewe. Nilimwambia Mama Mudogo kwamba aliyekawia ni mimi, kwamba niliomba bei isiyokuwepo, kwamba kama ningesikia mapema dada yake angefika macho yakiwa bado na kitu. Alitafuta kwa vidole mwiba katika samaki wake. Sijui alifikiri nini. Kisha akasogeza sahani upande wangu. "Kula, Berna. Inapoa." Sijui kama huo ni msamaha. Naubeba hivyo hivyo.

Faustin alimleta Albertine mjini kwa daktari wiki iliyofuata, na mama pamoja naye. Jicho moja limeokoka kiasi: anaona mtu akiwa karibu, anaona rangi ya kitenge. Lingine hapana. Mama anamsomea nyuso za watu wengine.

Wiki iliyopita nilipita Simi-Simi. Mama Zaina ametoboa dirisha kubwa katika ukuta wa barabarani, amepanga cherehani tatu, na wasichana wanacheka ndani. Mlango wako ameupaka rangi ya kijani. Niliumia, siwezi kukudanganya. Nilisimama nikiwa na neno la kusema, halafu nikakumbuka kwamba sina neno la kusema pale, nikaingia na kumnunulia mjukuu wako sare ya shule.

Mara nyingi najiuliza kama wewe ungekubali elfu kumi na sita. Nadhani ungekasirika. Ungekwenda mtoni siku mbili bila kuongea na mtu. Siku ya tatu ungekuja kuniuliza kama mama alifika salama.

Alifika salama, papa. Pumzika.

Binti yako wa kwanza,
Berna