Mazishi ya Yahya

Baba Yahya, mume wangu uliyeko Mtama,

Assalaam alaykum. Sisi huku Pande wazima, ila usingizi sina, mwanao anaota meno.

Ule ukurasa wa "Akina Mama wa Kilwa" uliokufanya unikataze kumpeleka chanjo, juzi umeweka picha ya Yahya, ile uliyoituma wewe mtandaoni siku ya Idi. Eti chanjo imemuua, mazishi Jumamosi! Majirani wakaja wanalia, wakamkuta mapajani kwangu anakunywa uji.

Jirani yetu Mwanaidi akafuta machozi, akasoma tena kwenye simu. "Leo Jumatatu. Maiti ya mtoto wa Kiislamu ingoje mpaka Jumamosi? Huyu mama wa Kilwa ya wapi?"

Tulicheka mpaka Yahya naye akacheka. Kesho yake nikambeba mgongoni, tukaongozana mpaka zahanati na wote waliokuwa wakiogopa chanjo. Leo redio nayo imesema kurasa za namna hiyo ni za serikali moja ya kigeni, inalipa watu wajifanye sisi ili tuzikimbie zahanati zetu.

Ndiyo, amechanjwa. Najua ulimwogopea. Lakini ukitaka habari za mwanao, mume wangu, niulize mimi.

Marehemu anakusalimu. Amenikojolea kanga sasa hivi.

Mkeo akupendaye,
Zuwena