Mkufu wa Mshukiwa

Shosti uko wapi? Nimejifungia chooni hapa ukumbini.

Ile filamu ya upelelezi aliyofanyia kazi mchumba wangu ndiyo inaonyeshwa leo, tumekuja wote. Makosa kibao! Mpelelezi kapigwa risasi mkono wa kushoto, kufika hospitali bandeji iko kulia. Ukumbi mzima hoi kwa kicheko.

Nikamfinya, "Si ndiyo kazi yako, kuangalia vitu visibadilike toka picha hadi picha?" Akaapa, "Jicho langu halikosi kitu. Mhariri ndiye kageuza picha."

Sawa. Akaja mshukiwa, yule dada mrembo, anahojiwa. Shingo tupu. Kamera ikaenda kwa mpelelezi, ikarudi, ana mkufu.

Mkufu WANGU!! Alioniachia bibi! Ule tuliotafuta mimi na wewe mpaka chini ya godoro!

Nimeuona hadi uzi mwekundu nilioufungia ulipokatika.

Watu wanapiga kelele, "Kauokota wapi?" Wanacheka.

Nikamwuliza polepole, "Ule mkufu umeuona?"

Shosti, huyu mwanamume akanishika mkono, akaniangalia machoni.

"Mkufu gani?"