Mkwe Nyuma ya Jiwe

Kihesa, Iringa
10 Juni 1975

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila baridi tu. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Baba hajambo? Ng'ombe je?

Mama, Septemba nitajifungua, nami nataka nijifungulie kwako, maana ni mtoto wa kwanza. Ulisema mlango hautafunguka mpaka umwone huyo Mhehe aliyenioa ninyi mkiwa mbali. Haya, mwone. Siku ya Saba Saba Kasian hana kazi. Tukutane kwenye maporomoko ya Kimani, si mbali na nyumbani, wala hatutakanyaga ua wako. Ninyi leteni chakula, sisi tutaleta blanketi.

Mwanao,
Mbuke

Ubaruku
12 Julai 1975

Mwanangu Mbuke,

Salamu nyingi. Naandika kwa mkono wangu, kisomo cha watu wazima kimenifaa. Baba yako mzima, ana mafua tu ya siku ile.

Mumeo nimemwona. Nimeona mgongo wake. Unajua kwetu Wasukuma mama hali pamoja na mkwewe. Lakini nilijiambia, huyu ni mtu wa mjini, mtu wa misheni, mambo hayo hayajui. Nikijitenga atasema namkataa. Basi nikameza aibu, nikaketi mbele yake na wali na jogoo niliyemfuga mwenyewe. Yeye akachukua sahani, akaenda nyuma ya jiwe kule maji yanakoruka, akala peke yake akitetemeka. Baba yako akamaliza mapaja yote mawili. Mimi sikuonja kitu.

Asiyetaka kuketi nami hataki nyumba yangu. Jifungulie huko huko.

Mama yako

Kihesa
21 Julai 1975

Mama,

Shikamoo. Nimelia, kisha nikamsomea Kasian barua yako. Nami nilimgombeza ndani ya basi mpaka Makambako, nikidhani amenuna. Leo ndipo aliposema sababu.

Mama, hata kwao Wahehe mkwe hali mbele ya mama mkwe! Na bibi yake alimwonya kwamba Wasukuma ni wakali zaidi kwa hilo. Alipokuona umeketi mbele yake akadhani unampima adabu, akakimbilia nyuma ya jiwe. Jogoo alimla mpaka mifupa. Sasa anakohoa.

Niambie la kufanya. Tumbo limekuwa zito.

Mwanao

Ubaruku
2 Agosti 1975

Mwanangu,

Hujambo na huyo wa tumboni? Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kumbe mimi ndiye niliyemfukuza mkwe wangu kwenye blanketi nikampeleka majini! Naona haya, na nimefurahi sana. Baba yako anasema yeye alielewa siku ile ile, ila alikuwa na paja mdomoni.

Njoo mwisho wa mwezi, mumeo akulete. Baba yako anasimamisha ukuta wa matete katikati ya ua. Mkwe atakula upande wake, penye jua, nami wangu. Mwambie asile kwa haraka. Nataka nimsikie akitafuna.

Mama yako, na mama mkwe wake