Kabla Hujafungua Majibu

Butte, Montana
Jumatatu, 18 Februari 2019

Mdogo wangu mpendwa Eugene,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu Darlene, na binti yenu Shannon pamoja na tumbo lake. Nakuombea barua hii ikukute umesimama wima na kile kikohozi kimekuacha. Mimi huku ni mzima, ukiacha magoti, ambayo tangu Krismasi yamegoma kupanda ngazi za kanisa, na Padre amezoea kuniona nikiingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Kaka yetu Denis anakusalimu. Batt naye anakusalimu, ingawa nimesikia kwa watu tu, maana hatujasemeshana tangu ule ubishi wa koleo la theluji.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu wakati simu ipo. Simu ukiishika unaongea wewe tu, mimi nabaki kusema ehe, ehe, mpaka unaniaga. Na barua za kompyuta wifi yangu huzisoma kabla yako, usikatae. Hii isome peke yako, umekaa. Na kabla hujaimaliza, nakusihi usiyaguse yale majibu ya kipimo changu cha vinasaba. Hilo ndilo ombi langu, mengine yote ni maelezo.

Kwanza nikupe haki yako. Rasimu ya kitabu cha ukoo uliyonitumia nimeisoma mara tatu. Kumwona babu Denis kwenye orodha ya abiria wa meli, umri miaka kumi na tisa, kazi yake kibarua, mzigo wake begi moja, kulinitoa machozi. Na ile picha yake na wenzake wa Allihies mbele ya mgodi wa hapa, wote wameiva kwa vumbi hata huwezi kujua nani ni nani, sikuwahi kuiona maishani. Waliacha shimo la shaba Kaunti ya Cork wakavuka bahari kuja kuingia shimo jingine la shaba. Mama angekuwepo angekikumbatia kitabu kile, kisha angekutafutia kosa.

Na kosa lipo, Eugene, ndilo linaloninyima usingizi. Umeandika ukurasa mzima kuhusu zamu ya majina. Mwana wa kwanza huchukua jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama yake, wa tatu la baba mwenyewe, wa nne la kaka mkubwa wa baba. Watu wetu waliweza kuruka Misa lakini si zamu hiyo. Kwetu ilienda sawasawa: Denis, Batt, Jeremiah, Mungu amrehemu. Ukaja wewe, wa nne, ambaye ulipaswa kuitwa Murty kama baba mkubwa. Ukaitwa Eugene, na kwa baba wala kwa mama hakuna Eugene hata wa dawa.

Ukasema haiwezekani Mama akosee zamu, yeye aliyewahi kumkaripia Padre kwa ajili ya jina la mtoto wa jirani. Basi lazima kuna Eugene aliyesahaulika. Ukamtafuta miaka miwili, ukafunga safari mpaka Eyeries, kule kwa mababu Cork, ukapekua madaftari ya ubatizo, ukampata Eugene Harrington mmoja wa mwaka 1841. Huna karatasi hata moja ya kumuunganisha na sisi, lakini ulimchukua mzimamzima ukampandisha kwenye mti wetu, na sasa nasikia umeagiza jiwe la kumbukumbu lenye jina lake. Uliponionyesha picha ya daftari lile nilikupa hongera. Kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kisha kipimo chako mwenyewe kikaja, kimejaa akina Lowney. Lowney wa Arizona, Lowney wa Cork, binamu huyu, binamu yule. Ukanipigia simu kwa furaha, ukaniambia kwamba bila shaka yule Eugene wa Eyeries alioa binti wa Lowney. Nilikaa chini na simu mkononi. Nilijua kuta zimeanza kunisogelea.

Krismasi ukaja na kile kikasha cha kupimia mate. Kaka zako walishakataa, Denis akisema mate yake ni yake, kwa hiyo ukasema nimebaki mimi. Nikajitetea kwamba nimetoka kula pai ya nyama, na maelekezo yanasema mtu asile nusu saa kabla. Ukatazama saa ukasema tutasubiri, na ukasubiri kweli, umenikalia mbele kama polisi, na nyumba nzima ikitazama.

“Tema tu, Nonie,” ukasema. “Una siri gani wewe, bibi kanisa?”

Wote wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda. Mate yalikuwa yamekauka, ikabidi niume ulimi yatoke, nikajaza kichupa, ukakifunga, ukaandika jina langu na anwani yako ya kompyuta, maana mimi sina. Mwaka Mpya ulipopita nilipiga simu kule kwenye kampuni kuomba wayamwage mate yangu. Binti wa watu alikuwa na adabu sana, lakini alitaka neno la siri, na neno la siri unalo wewe. Nikafikiri nijifanye mgonjwa ili uahirishe, nikaona ningeongeza uongo juu ya uongo. Sasa umenitangazia kwamba majibu yanatoka wiki ya kwanza ya Machi na hutayafungua peke yako. Utayafungua jioni ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ukumbini, kwenye skrini kubwa, mbele ya Harrington tisini na wake zao. Nimekwama, Eugene. Nimezunguka kila upande, sioni pa kutokea ila hapa.

Basi nisikilize. Mwaka 1959, Agosti, migodi ilifungwa kwa mgomo, na vijana wakajaa mitaani bila kazi. Mmoja wao aliitwa Michael Lowney, mwana wa fundi viatu wa kona ya pili. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilimpenda, sitasema zaidi. Septemba alikwenda Arizona kutafuta kibarua, na hakujua alichokiacha. Nami nilikuwa bado sijajua.

Mama alipogundua hakupiga kelele, na heri angepiga. Alichukua mto wa kijani wa kochi, akaukata, akaushonea kamba, na Jumapili iliyofuata akaenda nao Misani chini ya koti lake. Kila wiki chache aliongeza pamba. Ile picha ya ukurasa wa arobaini, Mama kwenye ngazi za kanisa, uliyoandika chini yake “Mama na mimi, Januari 1960,” pale ni Mama na mto. Yule msichana aliye nyuma yake, aliyevaa koti la baba lililomzidi, uliyemwandikia “Nonie, amenuna kama kawaida,” mtazame vizuri. Wewe uko pale, Eugene. Uko chini ya koti lile.

Nilikuzaa mwezi wa Mei, kwa shangazi, kule ranchini karibu na Dillon. Mama alikupokea kwa mikono yake, akakuosha, akakufunga blanketi, kisha ndipo akanitazama.

“Kuanzia hapa mpaka kaburini wewe ni dada yake,” akasema. “Ukiteleza siku moja tu, umemuua baba yako.”

Tulirudi Butte yeye ametangulia amekubeba, mimi nyuma na mabegi, kifua nimekazwa kwa vitambaa ili maziwa yasinisaliti. Majirani wakampongeza. Baba alilia kwa furaha, na mpaka leo sijui alidanganywa au alikubali kudanganywa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu imefika miaka hamsini na minane.

Nilimwomba Mama kitu kimoja tu, jina. Nikamwambia tumpe heshima Papa aliyefariki, ambaye wazazi wake walimwita Eugenio. Mama angeweza kunikatalia mimi, lakini si Papa. Sasa hesabu zamu vizuri. Wewe hukuwa mwana wa nne wa mtu yeyote. Ulikuwa mwana wa kwanza wa Michael Lowney, na jina la fundi viatu, baba wa baba yako, lilikuwa Eugene. Zamu haikuvunjwa. Niliishika mimi, msichana wa miaka kumi na minane, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee cha kwako nilichoweza kukupa mbele ya watu bila wao kuona.

Mmoja aliona. Padre alipotamka jina siku ya ubatizo, mzee Lowney alikuwa kiti cha nyuma. Wiki iliyofuata alibisha hodi, akavua kofia, akatoa viatu vya mtoto alivyoshona mwenyewe, akasema ni vya Eugene, akaondoka. Mama akabaki navyo mkononi, rangi imemtoka. Hapo ndipo alipojua kwamba nilimpiga chenga, na hakunisamehe mpaka anaingia kaburini. Michael aliangukiwa na mwamba huko Arizona mwaka 1963. Hakuwahi kujua. Ile orodha yako iliyojaa Lowney ni ndugu zake, na ni ndugu zako halali.

Utauliza kwa nini nilinyamaza baada ya baba kufa, na baada ya Mama kufa. Nami najiuliza. Mwanzoni niliapa, kisha nikazoea, kisha nikaogopa. Emmett wa posta aliniposa mara mbili. Mara zote mbili nilimkataa, kwa sababu alikuwa anahamia Missoula na wewe ulikuwa Butte. Watu wakasema Nonie anaringa. Nilikaa ndani ya nyumba ile ile, nikikufulia, nikikupikia, nikikufundisha kusoma, na ulipoanguka ukaumia ulikimbia ukilia, ukanipita, ukaenda kwa Mama. Nilisimama nikakuangalia ukipita. Nimekuwa kama mchimbaji aliyefukiwa, anasikia watu wanatembea juu yake na hawezi kugonga.

Sikuombi uniite jina lolote. Nina miaka sabini na saba, nimelizoea hili la Nonie. Naomba mawili tu. Yafungue yale majibu ukiwa peke yako, utaona yameandika neno lile lile ninalokuandikia. Halafu amua wewe kama tutawaambia watu ukumbini au la. Ukisema tuwaambie, nitasimama hapo mbele na magoti yangu haya nitasema mwenyewe. Na lile jiwe, mpigie simu fundi leo, kabla hajashika patasi. Yule mtoto wa Eyeries ana watu wake.

Nisalimie sana Darlene. Mwambie asinichukie kabla hajasikia yote. Shannon mwambie ale vizuri, na anywe maziwa, hata kama hayapendi. Nilitaka kuandika hapa ni nani kwangu huyo anayekuja, mkono ukakataa.

Kuna neno moja limebaki. Siku tulipomzika Mama, ulikuwa na miaka thelathini na tisa, mvua inanyesha, ukaniegemea begani pale kaburini ukaniambia, “Sasa tumekuwa yatima, Nonie.” Nami nikakushika mkono nikakuitikia kwamba ndiyo, tumekuwa yatima. Katika uongo wote niliousema, huo ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha. Hukuwa yatima siku ile, Eugene. Nilikuwa nimekushika.

Ni mimi,
Hanora Harrington